Mwalimu, Krismasi Ni Kesho?

Mtoto wa miaka minne hana kalenda kichwani. Kwake "jana" ni siku yoyote iliyopita, hata ile ya mwaka jana alipopelekwa Mwika kwa bibi, na "kesho" ni siku yoyote anayoitamani. Ukimwambia Pasaka bado wiki sita, atakuitikia vizuri, na kesho yake asubuhi atakuuliza tena kama leo ndiyo Pasaka. Hasumbui. Anauliza kwa sababu hakuna alichokiona kikisogea.

Nafundisha chekechea ya usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kuna jambo moja ninalolishikilia katika kazi hii: kazi za mikono tunazofanya kwa kufuata majira ya kanisa, zile nyota, mbegu kwenye makopo, matawi ya kusuka, ndizo kalenda ya mtoto. Kwa vidole vyake anaona siku zikipungua au zikiongezeka. Tukizigeuza kuwa mapambo ya kumfurahisha mzazi siku ya kikao, tumemnyang'anya mtoto kitu chake.

Na wazo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1833 Mlutheri mmoja kijana, Johann Hinrich Wichern, alifungua nyumba ya kulelea watoto maskini nje kidogo ya jiji la Hamburg, Ujerumani. Kila Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, yakifika, watoto walikuwa hawamwachi apumue: Krismasi bado? Mwaka 1839 akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu 20 kwa siku za kawaida na mikubwa myeupe 4 kwa Jumapili. Majilio ya mwaka ule yalianza tarehe 1 Desemba, kwa hiyo mishumaa ilitosha kufika mkesha wa Krismasi, kila siku ukiwashwa mmoja zaidi. Lile taji la mishumaa minne unaloliona leo karibu na madhabahu katika makanisa mengi limetokana na gurudumu hilo. Kabla ya kuwa pambo la ibada lilikuwa jibu la mlezi kwa watoto waliochoka kusubiri.

Katika miaka hiyohiyo ya 1830, shule ya bweni ya Wamoravian huko Niesky, hukohuko Ujerumani, iliwapa wanafunzi wake nyota ya karatasi yenye pembe nyingi waitengeneze kama zoezi la hesabu za maumbo. Nyota ile ikatoka darasani, ikaingia majumbani, na hadi leo Wamoravian huitundika kuanzia Majilio hadi Epifania, sikukuu ya mamajusi. Friedrich Fröbel naye, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alianzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 na kuijaza kazi za kukunja karatasi, kupanga vijiti, kusuka na kushona. Serikali ya Prussia ikazipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, ikidai zinafundisha kumkana Mungu. Marufuku iliondolewa mwaka 1860, Fröbel akiwa ameshafariki. Nikikutana na mtu anayesema kukata na kubandika ni kupoteza muda wa watoto, huwa namkumbuka mzee huyu.

Sasa, wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame, hapa mlimani, mwaka 1893 walikuja na kalenda yao ya kanisa. Kalenda hiyo ilikomaa katika nchi ambako Desemba saa kumi jioni tayari giza linaingia, na Pasaka huja baridi kali ikiwa inaondoka. Huku kwetu Desemba ni jua, kahawa na wageni kutoka mjini. Pasaka ni masika: tope hadi kwenye vifundo vya miguu, na shamba limetoka kupandwa. Sikukuu ni zilezile, lakini vitu vya kuzielezea inabidi tuvitafute nje ya mlango wetu wenyewe. Na vipo tele.

Siku yetu huanza mlangoni. Mtoto anaamkia, "Shikamoo mwalimu," napokea marahaba, nashika mkono wake, na hapohapo nimeshajua kama ana homa, kama amelia njiani, kama kucha zinahitaji kukatwa. Kisha mtoto wa zamu anatoka hadi kwenye kona ya uwanja kumtazama Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Anarudi na taarifa, naye huitoa akiwa amesimama wima: "Kibo anaonekana," au "Kibo amejifunika." Kama amejifunika, tunabandika kipande cha pamba kwenye ubao wa boksi. Kama anaonekana, tunabandika pembetatu ya kitambaa cheupe. Baada ya miezi kadhaa hata mdogo kabisa anaona kwamba Januari ukuta una vilele vingi vyeupe na Aprili umejaa pamba. Hiyo ndiyo kalenda yao ya kwanza, na sijui nyingine inayowafaa kuliko hiyo.

Mahudhurio hatuyaiti kwa daftari peke yake. Kila mtoto ana kipande chake cha boksi chenye mchoro aliouchagua mwenyewe, jogoo au jembe au basi, na jina lake chini ya mchoro. Akifika anakitoa kikapuni na kukitundika msumarini. Vinavyobaki kikapuni ni vya wasiofika. Tukishakaa kwenye mduara tunavitoa kimoja kimoja, tunataja jina, tunasema tunachokijua ("ana mafua," "wamekwenda kumzika babu yao"), tunawaombea. Haichukui muda mrefu. Lakini nimemwona mtoto aliyelazwa karibu wiki nzima akirudi, akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake, akamuuliza: "Mlinitoa kikapuni?" Akajibiwa ndiyo, kila siku. Akaenda kukaa.

Saa nne ni uji. Sala ya uji huongozwa kwa zamu na siirekebishi. Mtoto akiombea kuku wa bibi wanaotaga, trekta, na meno ya mdogo wake, tunasema amina kwa vyote. Watoto wa Kiislamu tunao pia, kwa sababu chekechea yetu ndiyo iliyo karibu na kwao. Wazazi wao wanaelezwa siku ya kuandikisha kwamba hapa tunasali na tunasimulia habari za Biblia, na mtoto wao halazimishwi kuongoza sala. Idd ikikaribia, wao ndio wanaotuletea habari za mwezi, na darasa zima hukaa likisubiri kusikia kama umeandama.

Kuna desturi moja ya kila siku ambayo nataka kuieleza kwa kirefu zaidi, kwa sababu ni ya huku kwetu kabisa. Pembeni mwa uwanja wetu kuna mstari wa masale. Mchaga yeyote anaujua mmea huu: majani marefu, ya kijani, magumu kidogo, hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Na kila aliyelelewa mlimani anajua kwamba jani la isale ndilo hupelekwa kuomba msamaha. Ukiletewa isale huwezi kumfukuza aliyeileta, lazima usikilize. Wazee wamemaliza ugomvi wa mashamba na wa ndoa kwa jani hilo.

Kwa hiyo watoto wawili wakigombana, yule aliyeumiza mwenzake anakwenda nje, anavunja jani, analeta. Hatumsukumi. Akitaka kukaa na hasira yake kwanza, anakaa. Akishakwenda, hahitaji kusema maneno mengi, kwa sababu mtoto wa miaka minne hana maneno ya kutosha ya majuto, na "samahani" tunayomlazimisha aitamke huku anatazama pembeni haimfikii mtu. Lakini kutembea hadi kwenye ule mstari, kuchagua jani, kulivunja (halivunjiki kirahisi, lazima ulipinde na kulivuta), kurudi nalo mbele ya wenzako wote, hayo ni majuto ambayo mwili mzima umeshiriki. Anayepokea analiweka kwenye kopo lenye maji, juu ya meza ya kona. Kwenye Mathayo sura ya 5 Yesu anasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako." Watoto wetu wanaielewa aya hiyo bila mimi kuongeza kitu. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama hatuwarudishi watoto kwenye mila za zamani. Nilimjibu kwamba jani haliabudiwi na mtu hapa, linabeba msamaha tu, na ningependa kila mtoto wa usharika huu akue akijua njia ya kufika kwenye ule mstari.

Meza ya kona niliyoitaja hutandikwa kitambaa, na rangi yake hufuata ile ya madhabahuni. Zambarau kwa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Krismasi na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste, kijani kwa zile wiki nyingi zinazobaki. Tunabadilisha jioni watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Asubuhi yake hatusemi kitu. Tunasubiri yule wa kwanza aone.

Kwaresima ndiyo majira yetu makubwa, kwa sababu kwa kawaida shule huwa wazi karibu muda wote. Jumatano ya Majivu watoto wanaleta majivu ya jikoni kwao, kijiko kimoja kimoja kwenye mfuko. Hawayashangai. Wamewaona bibi zao wakiyanyunyizia mboga kuzuia wadudu, wakiyachanganya na maharage ya kuhifadhi. Tunayachanganya na udongo wa kihamba na samadi, tunajaza makopo na chupa za maji zilizokatwa, kisha tunayaweka dirishani bila kupanda chochote. Udongo unakaa pale mtupu, wiki baada ya wiki. Siku 40 tunazihesabu kwa vijiwe vinavyohamishwa kutoka kibuyu kimoja kwenda kingine, Ijumaa tukihamisha na cha Jumamosi. Jumapili hazina kijiwe. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi kuu utapata siku 46. Ukitoa Jumapili 6 zinabaki 40. Watoto hawahitaji hesabu hiyo, lakini walimu wanaihitaji, maana vijiwe vikipungua kabla ya wakati tutaulizwa.

Kabla ya Siku ya Mitende anakuja bibi mmoja wa usharika na mzigo wa ukindu. Anakaa kwenye mkeka, anaupasua ukindu kwa ukucha wa kidole gumba, anawapa watoto watatu watatu. Hafundishi kwa maneno. Anashika vidole vya mtoto kwa nyuma na kuvipeleka: huu juu, huu chini, vuta. Watoto wakubwa wanafikisha ukili wenye urefu wa kiganja. Wadogo wanapata fundo tu, na bibi analisifia fundo lile kwa dhati kabisa. Jumapili hiyo wanaingia kanisani na walivyosuka vikiwa vimefungwa kwenye matawi, na ninawafahamu wazee wa kanisa ambao huinuka kuangalia.

Jumatatu inayofuata ndipo tunapanda maharage. Yamelowekwa usiku kucha. Kila mtoto anayasukumia matatu kwenye udongo kwa kidole, anafunika, anamwagilia. Tunasimulia habari ya chembe ya ngano inayoanguka ardhini, kisha ile ya kaburi. Shule ikifungwa kwa ajili ya Ijumaa Kuu kila mtoto anaondoka na kopo ambalo ndani yake haonekani kitu ila udongo wenye majivu. Wazazi huniuliza, mwalimu, hili kopo la nini? Nawaambia waliweke mahali penye mwanga na wasilifukue. Mengine hutokeza Jumapili yenyewe, mengine Jumatatu ya Pasaka, yale ya vijiji vya juu kwenye baridi huchelewa hadi katikati ya wiki. Shina la haragwe hutoka limejikunja, linasukuma udongo kwa mgongo kabla ya kuinua kichwa. Mtoto aliyeliona hilo kwenye kopo lake mwenyewe, baada ya kusubiri kwa vijiwe vyote vile, ana kitu cha kusimulia ambacho hakuna picha ya kupaka rangi inayoweza kumpa.

Pentekoste tunafunga vipande vya vitambaa vyekundu kwenye fimbo na kukimbia navyo uwanjani. Inatosha.

Sikukuu ya Mavuno ina uzito wake. Usharikani watu huleta mahindi, ndizi, mayai, kuku, na baada ya ibada kuna mnada nje ya kanisa. Darasani tunatengeneza picha za nafaka kwenye boksi: mahindi, maharage, kunde, ulezi. Hapo pana jambo la kuangalia. Bibi za watoto hawa wamewafundisha kwamba chakula hakichezewi, na wako sahihi. Kwa hiyo tunatumia zilizobunguliwa tu, na watoto wenyewe ndio wanaozichambua kwenye ungo, wakitafuta tundu la mdudu. Uchambuaji huo huchukua siku kadhaa na kwa maoni yangu ndio somo lenyewe: mkono unajifunza kutofautisha, na mtoto anajua nyumbani kwao kazi hii inafanyikaje. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji kama uji mzito, na chumvi kidogo ili usiote ukungu.

Mwishoni mwa Septemba ni Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambayo watoto huiongoza ibada wenyewe. Hapo hatutengenezi kitu kipya. Tunabeba vya mwaka mzima na kuvipeleka kanisani: vipande vya majina, picha za nafaka, ukili uliokauka.

Sasa niseme lililo moyoni. Kuna wimbi la karatasi zilizochapishwa, zinashushwa kwenye intaneti na kutolewa kopi darasa zima: misonobari yenye theluji, mzee mwenye ndevu nyeupe na koti zito, sungura wenye mayai ya rangi. Mtoto anapaka rangi ndani ya mistari aliyochorewa na mtu mwingine, mwalimu anasahihisha pale rangi ilipotoka nje, kazi imekwisha kabla ya uji. Nawaelewa walimu wenzangu, maana darasa la watoto wengi bila msaidizi linachosha na kopi inatuliza. Lakini mtoto hajajifunza kusubiri, hajagusa kitu kinachobadilika. Nililetewa kwa ziara kazi za shule moja ambazo zilikuwa nzuri mno. Nikajua mara moja zimekatwa na mtu mzima. Makali ya mkasi yalikuwa yamenyooka. Na mahafali nayo, majoho na kofia kwa mtoto wa miaka mitano, yamekula wiki ambazo zilikuwa za Majilio. Mazoezi ya kuandamana na joho huanza Novemba, na mtoto anafunga mwaka akijua kutembea kwa mstari. Mimi wiki hizo ningependa nirudishiwe.

Maana Majilio tayari tunayapata kwa shida. Shule hufungwa yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, na taji la Wichern lingewashwa mshumaa mmoja au miwili tu darasani kisha likabaki kwenye giza la stoo. Kwa hiyo kalenda yetu ya Majilio hukaa begini. Siku za mwisho za muhula kila mtoto anabandika mnyororo wa pete za karatasi, pete moja kwa kila siku hadi tarehe 25, za zambarau, ya mwisho nyeupe. Karatasi ni za magazeti tulizozipaka rangi. Nyumbani anachana pete moja kila jioni. Na kila pete inayochanwa, wanaongezeka watu mlimani: shangazi wa Dar es Salaam, baba mdogo wa Arusha, binamu wasiojua kutembea kwenye tope. Utani wa zamani unasema Wachaga Desemba wanarudi kuhesabiwa. Ninapowasimulia Luka sura ya 2, kwamba Yusufu na Maria walisafiri kwenda mji wa kwao kuhesabiwa, na nyumba zilikuwa zimejaa wageni, watoto hawa hawahitaji maelezo yoyote. Wamelala wanne kitanda kimoja. Wanajua kabisa nyumba iliyojaa ikoje.

Nyota tunaziacha hadi Januari. Shule hufunguliwa karibu na Epifania, tarehe 6, na tunao watoto wapya wanaolia mlangoni. Wale wa mwaka uliopita ndio huwatengenezea wageni nyota za vijiti vitano vya chelewa vilivyofungwa kwa kamba za mgomba, kila mgeni ya kwake, na kuzitundika juu ya misumari ambayo bado haina majina. Mwaka huu nahitaji chelewa nyingi, hata fagio zilizochakaa, mradi ziwe kavu. Nahitaji pia bibi au babu mwingine anayejua kusuka ukindu, maana bibi yetu wa siku zote amesema macho yake hayampi tena kazi ndogondogo, ingawa kwenye mkeka bado atakuja kukaa nasi.